Anza na Kibaya, Baba Zuhura

Mpendwa Baba Zuhura,

Naanza na kibaya, maana wewe mwenyewe ndiye uliyetuzoesha hivyo. Mahali pako pa kulia samaki hapa ufukweni pamepata mtu anayetaka kupanunua. Ni mfanyabiashara wa Bujumbura. Alikuja na mdogo wako Rashidi, akatembea kutoka kwenye jiko lako mpaka kwenye maji, akipima kwa macho. Anataka kuweka kabare kubwa ya kunywea pombe, bia za kila aina, muziki wa kusikika mpaka Gatete na viti vya kulalia kama vya hotelini. Familia ilikaa, wakazungumza, wakaniachia mimi neno la mwisho. Na mimi nilikuwa naelekea kusema sawa.

Si kwamba nilipenda. Wala si kwamba nilichukia, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Tangu tulipokuzika nina ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaubonyeza, haukujibu. Wakati wa matanga wanawake walilia begani kwangu, mimi nikawa nawapigapiga mgongoni, nawaambia basi, basi, utadhani wafiwa ni wao. Rashidi aliponiletea habari za kuuza nilijitafuta ndani nione kama kuna mahali panauma. Sikupaona. Nikawaza, kama hapaumi, kukata kuna ubaya gani.

Rashidi si mtu mbaya, usimkasirikie huko uliko. Anaona shemeji yake amebaki na jiko, na viti, na ziwa ambalo kila mwaka linasogea. Anataka nipumzike.

Lakini nilitaka kwanza nikukumbushe birika lako la bati. Mgeni akimaliza kula, ulimfuata wewe mwenyewe na birika la maji ya vuguvugu, beseni na kipande cha sabuni, hata awe mkubwa aliyeshuka na msafara wa magari. Hukumtuma mtu. Ulimimina kidogo, ukangoja mikono yake ijae povu mpaka kwenye vifundo, ndipo ukamwambia, "Anza na mbaya. Muzuri itakuja yenyewe." Na mtu mwenye povu mikononi hana pa kukimbilia. Mlango hawezi kuushika, simu hawezi kuitoa mfukoni. Basi anasema. Pilipili kali. Ugali umepoa. Nzi. Umetukalisha njaa mpaka watoto wamelala. Akishasema yote, ndipo unamwagia maji ya kusuuza.

Nilikuambia mara nyingi kwamba si adabu kumbana mgeni namna ile. Ukanijibu kwamba mgeni akishapanda gari, maneno yake anayapeleka Bujumbura kuwapa watu wengine, na wewe ulitaka yabaki hapa Rumonge, ambako yanaweza kufanyiwa kazi.

Na kazi uliyafanyia kweli. Mama mmoja mnene alisema viti ni vifupi, magoti yanamgusa kidevu. Wiki ile ile ukamleta fundi wa Gatete akaviongezea miguu vyote, vikawa virefu kuliko meza, ikabidi meza nazo ziongezewe. Mwingine akasema mwenye mahali anaongea sana, mtu hawezi kumeza. Hilo lilikuchoma. Jumapili iliyofuata hukusema neno hata moja tangu asubuhi, ukawa unapita katikati ya wageni na tabasamu la kubandika. Kila mtu akaniuliza una nini. Jioni jirani yetu Mama Espe alikuletea maji ya tangawizi, akiamini koo limekufunga. Uliyanywa, na kwa mara ya kwanza siku ile ukafungua mdomo, ukasema, "Huyu mugeni ameniua." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baadaye Zuhura wetu akaleta mambo ya simu. Yeye yuko Bujumbura, ameajiriwa kwenye duka la dawa, na huko aliona wenzake hawaendi kula mahali bila kusoma kwanza walichoandika waliotangulia. Akatufungulia ukurasa wetu, mgeni anaweka nyota na maneno yake. Akija mwisho wa juma mlikuwa mnakaa chini ya taa, yeye anasoma kwa Kifaransa na kukugeuzia kwa Kiswahili, wewe umefumba macho. Nyota tano ulizipita. "Mubaya iko wapi?" Akikuta mbaya, ulikaa vizuri kwenye kiti.

Unakumbuka mwaka ziwa lilipopanda? Maji yalichukua uzio, yakachukua ule mnazi, yakaingia mpaka meza za mbele. Tulikuwa hatuna pa kuzipeleka. Tukahamisha zile tulizoweza, mbili zikabaki na miguu ndani ya maji. Wageni wakavua viatu wakakaa hapo hapo, wakala mukeke, samaki wetu wa hapa, huku samaki wadogo wanawadonoa vidole. Mmoja akaandika kwamba ubunifu wa kuweka meza ziwani umempendeza sana na anampongeza mwenye wazo. Zuhura alikusomea mara mbili. Ulikuwa umepoteza sehemu nzima ya kiwanja na bado ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nawaza mnazi.

Na Mama Espe na ule uzio wake wa majani. Aliporudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na Kiswahili chake kilichonyooka kuliko chetu, alifungua kabare yake pale pale ubavuni mwetu. Watu wa msikitini walikuambia uhame. Wewe ulikwenda kumsalimia, mkakaa, mkakubaliana: sahani zinavuka uzio, chupa hazivuki. Mgeni anayetaka bia na mukeke anakaa kwake, sisi tunampelekea sahani. Mgeni asiyetaka bia anakaa kwetu na muziki wa Mama Espe anausikia bure. Wageni wa nje ya Rumonge walishangaa sana. Wengine waliandika kwamba ni mkahawa mmoja wenye milango miwili na wahudumu wasioongea lugha moja. Mama Espe alikasirika, wewe ukasema wameona vizuri.

Sasa niseme la chumvi, maana ndilo litakalonifikisha ninapokwenda.

Miaka yote ile hukuniruhusu kutia chumvi kwenye samaki. Ndizi, sawa. Maharage, sawa. Mboga za lenga-lenga, nipike nitakavyo. Samaki, hapana. Ulijua nimetoka kwenye nyumba ya watia chumvi, mama yangu na mama yake, wale waliokuwa wanakausha samaki sokoni wa kupelekwa milimani, na samaki wa safari ndefu chumvi hapimiwi. Mkono wangu ulijifunza hapo. Ukinipa samaki mbichi, vidole vinakwenda vyenyewe. Ulionja kipande, ukafumba jicho moja, ukasema, "Mama Zuhura, unataka kugeuza Tanganyika bahari?" Na mimi nikajibu neno langu lile lile, "Nimetia kidogo tu, Baba Zuhura." Tangu tuoane tumegombana kwa mambo machache, na kwa hilo tuligombana karibu kila juma. Silijui neno nililokuambia mara nyingi kuliko hilo.

Uliondoka asubuhi, mkaa umeshashika. Mama Espe ndiye aliyevuka uzio akauzima kwa maji. Hayo mengine unayajua kuliko mimi.

Nikaingia eda. Nilikaa ndani na nguo nyeupe, wajomba wakileta unga, na kazi yangu ikawa kutazama mwezi, kwa kuwa eda inahesabiwa kwa mwezi wa angani. Kila ulipoandama nilisema moja, nikasema mbili. Sikuwa na haraka ya kutoka. Nilihesabu tu kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Ule wa mwisho ulipoandama nikaanza na zile siku kumi zilizobaki, nikauona dirishani unajaa, unajaa, nikajua nakaribia. Zuhura akatangaza kwenye ukurasa kwamba Jumamosi tunafungua, mukeke uko, karibuni.

Ndiyo, Baba Zuhura. Cheka.

Asubuhi ya Jumamosi nilikoka moto. Nilipanga meza. Wageni wakaanza kushuka, magari ya Bujumbura, watu waliolala kwenye foleni ya mafuta ya gari ili waweze kuja. Wakaagiza mukeke. Samaki hajaja. Nikateremka mwenyewe mpaka mwaloni nione wavuvi wamekwama wapi, nikakuta mitumbwi yote imevutwa nchi kavu, wanaume wamekaa kwenye kivuli wanashona nyavu. Yule mvuvi wetu mrefu alisimama kwa heshima, akanisalimia amahoro, akanipa pole. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Mama Zuhura, haukuona mwezi?"

Nilikuwa nimeuona kuliko mtu yeyote Rumonge. Nilikuwa nimeutazama mwezi ule mpaka ukanitoa eda. Na haikunijia hata kidogo kwamba ni ule ule unaowaweka wavuvi nyumbani. Mimi, niliyezaliwa hatua chache kutoka mwaloni, ninayejua tangu utotoni kwamba samaki wanafuata taa za wavuvi gizani, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni taa na hakuna anayetoka. Siku kama hizo wewe ulikuwa unaning'iniza kikapu kitupu kwenye nguzo ya barabarani, kimepinduliwa, na hata madereva wa basi za Nyanza-Lac walijua maana yake: leo kwa Baba Zuhura hakuna samaki, usijisumbue. Kikapu kilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekipita asubuhi ile.

Nilirudi nikawaambia wageni ukweli. Baadhi waliondoka. Mama Espe akapitisha sufuria la maharage juu ya uzio, nikayatia mawese na vitunguu, nikachoma ndizi, nikawapa waliobaki. Kisha nikakaa kwenye kiti chako karibu na jiko. Aibu ilipaswa kunijaa. Nilikaa nikiingoja. Haikuja.

Yule aliyebaki mpaka mwisho alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye miwani, pamoja na mke wake. Alikula, akashukuru, murakoze, akaondoka. Sikumfuata na birika. Kesho yake Zuhura akasoma alichoandika. Nyota moja. Samaki hakuna, aliandika, bia hakuna, muziki ni wa jirani. Maharage matamu. Mama mwenye mahali hacheki, anakaa kama mgeni kwake mwenyewe.

Zuhura alitaka kumjibu. Alitaka amwambie kwamba baba amefariki, kwamba mama ndiyo kwanza ametoka eda, aone haya. Nilimkataza. Kila alichoandika yule bwana kilikuwa kweli, na wewe usingemjibu, ungeangalia pa kurekebisha. Mimi nilimsikiliza Zuhura mpaka mwisho, kisha nikaenda kuosha sufuria la Mama Espe. Juu ya ile nyota moja kulikuwa na wengine ambao habari za msiba hazijawafikia. Mmoja alikuwa ameandika kwamba akipita tena Rumonge lazima anawishwe mikono na mzee wa birika. Hilo nalo nililisikia likapita.

Siku zikaenda. Rashidi akasema Jumapili atakuja na yule mfanyabiashara, wapate jibu. Nikasema sawa, waje alasiri. Mwezi ulikuwa umeshafifia na wavuvi wametoka. Asubuhi waliniletea mukeke wa nguvu, bado wanang'aa. Zuhura alikuwa amekuja kunisaidia, na nadhani alijua ni siku ya mwisho, maana alivaa aproni yako na hakuuliza.

Wageni hawakuwa wengi. Wa kwanza kuingia alikuwa yule bwana wa nyota moja na mke wake. Zuhura alimtambua, akanijia jikoni akininong'oneza nimfukuze. Nikamwambia ampe meza ya mbele. Nilimpasua samaki kama ulivyokuwa ukimpasua, mgongoni, nikampaka limau, nikamlaza juu ya mkaa, nikampaka mafuta kwa lile jani la mgomba. Nilifanya yote kama wewe, kwa sababu mikono yangu ilikuona ukifanya. Sikuonja. Chakula hakikuwa na ladha kwangu tangu ulipoondoka, sikuona faida ya kuonja.

Walikula polepole. Hawakuacha hata kichwa. Bwana akainuka akitazama huku na huku anatafuta pa kunawia, na nikajikuta nimeshika birika. Sijui nilishika saa ngapi. Nilimfuata, Zuhura akashika beseni. Nikamimina kidogo. Akasugua, povu likapanda mpaka kwenye saa yake, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Anza na mbaya."

Alimtazama mke wake. Mke wake akatazama pembeni. Bwana akakohoa kidogo, akasema, "Mama, samaki iko muzuri kabisa. Lakini chumvi iko mingi. Chumvi imezidi."

Na kabla sijafikiri, kabla sijajua kwamba nasema, nikamjibu:

"Nimetia kidogo tu, Baba Zuhura."

Upande wa Mama Espe nilisikia redio imepunguzwa. Zuhura aliinamisha uso kwenye beseni. Na hapo, mume wangu, iliniuma. Kwanza hasira: huyu anajua nini kuhusu samaki, amezaliwa kwenye lami, chumvi yake ananunua kwenye pakiti. Nilitaka kumwambia hayo yote. Halafu nikaona kwamba nimekasirika. Halafu nikaona kwamba aliyekuwa anastahili kusikia jibu langu hayupo, na hatafumba jicho moja tena, na nitatia chumvi nitakavyo mpaka kufa kwangu bila mtu wa kunizuia. Nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya wageni, birika limeinama mkononi, maji yanamwagika kwenye viatu vya yule bwana. Alikuwa na povu, hana pa kwenda. Lakini nadhani hata bila povu asingekwenda. Hakusogeza viatu. Alisubiri, kisha akasema taratibu, "Sawa mama. Kidogo tu."

Nikamsuuza mikono.

Rashidi alipofika na mtu wake nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako, macho yamenivimba. Alidhani nimepata habari mbaya. Nikamwambia, "Shemeji, hapauzwi." Akaniuliza kwa upole kwa nini, wakati juzi nilisema sawa. Nilitafuta sababu kubwa ya kumpa, ya kiume, ya kueleweka na mtu wa biashara. Sikuwa nayo. Nikamwambia iliyokuwepo:

"Kuna mugeni amesema chumvi imezidi. Lazima arudi aonje tena."

Yule mfanyabiashara alimtazama Rashidi. Rashidi alitazama jiko lako muda mrefu, akakuangalia wewe pale ambapo hupo. Kisha akamshika mwenzake mkono akamwambia waende, njia ya Bujumbura ni ndefu. Kabla hajapanda gari alirudi peke yake, akaniomba kipande cha samaki kilichobaki. Alikula amesimama. Alikunja uso, Baba Zuhura, akanywa maji. Huyo ni mdogo wako kweli.

Sitaki nikudanganye kwamba ganzi imekwisha. Leo asubuhi nimeamka nikiwa mtupu kama jana, nikapiga mswaki, nikafagia, sikusikia lolote. Mguu hauamki wote kwa mara moja. Lakini sasa najua pa kuubonyeza.

Kizuri nimekiacha mwisho, kama ulivyotaka. Kizuri ni hiki: mkaa umewaka, na Mama Espe ameshaanza kuimba mbele ya redio yake. Kikapu chako nimekitoa nyuma ya mlango na kukifuta vumbi. Mwezi unaanza kukua tena. Utakapojaa, nitakining'iniza mimi mwenyewe, kimepinduliwa, na madereva watajua.

Mungu akulaze mahali pema, mzee wa birika. Na ile chumvi, uelewe mara ya mwisho, nilitia kidogo tu.

Mkeo,
Mama Zuhura